Kopo la Chumvi

Jikoni kwangu hakuna kopo linalosema kweli. Lililoandikwa maziwa ya unga lina sukari, lililoandikwa majani ya chai lina dengu, na lile la biskuti lina nyuzi na sindano. Mpishi yeyote atanielewa. Kopo ni chombo tu, na jina lake ni kile ulichokitia ndani. Kwa miaka ishirini na miwili nimewapikia wafanyakazi mia tatu wa kiwanda cha mabati, na sijawahi kukosea kopo hata siku moja. Hata katika haya ninayosimulia sikukosea kopo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kiwandani wananiita Bi Kijiko. Nina kijiko cha shaba kilichofungwa kwa uzi kwenye aproni yangu, na hicho ndicho kipimo changu cha chumvi. Wasaidizi wangu wanaruhusiwa kumenya, kuosha na kukoroga, lakini chumvi naitia mimi mwenyewe, tena nikiwa nimewapa mgongo. Wao wanasema nina uchoyo wa siri. Mimi nawaambia sufuria ikitiwa chumvi na mikono miwili, hakuna atakayekula.

Mume wangu ni fundi saa. Kibanda chake kina meza moja, taa ya kuinama, na kioo kidogo anachokibana jichoni kama amezaliwa nacho. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana moyo nao ukaanza visa: pumzi fupi, miguu kuvimba. Kliniki wakamwongezea vidonge viwili na amri moja. Sukari alishaiacha zamani, wanga anapimiwa kwa kikombe, sasa na chumvi basi.

Sukari aliiacha bila ugomvi. Chumvi ilimshinda.

Nilimpikia bila chumvi wiki tatu. Siku ya kwanza aliangalia sahani akaniuliza, "Hii imepikwa au imeoshwa?" Tukacheka. Wiki ya pili hatukucheka tena. Alikuwa anasukuma sahani kando na kurudi kwenye saa zake, na mtu anayemeza vidonge vya kisukari halafu hali, sukari yake inashuka. Mara mbili nilimkuta anatetemeka, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, hata jina langu limempotea. Mara mbili nilimnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Nikaona wazi kwamba nitamzika kwa kumtii daktari.

Ndipo nikaliona lile kopo dukani. Jeupe, lina moyo mwekundu kwenye kifuniko, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni chumvi salama kwa moyo, sodiamu imepunguzwa. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Miwani yangu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa begani. Sikuitoa.

Nilipofika nyumbani niliimimina yote kwenye kopo langu la chumvi, nikatupa lile jeupe. Nilimjua mume wangu. Ningemwambia ni chumvi ya wagonjwa, asingeigusa. Nikapika supu ya kuku, nikatia, nikamwekea mezani bila neno.

Alionja. Akaweka kijiko chini, akanitazama kama mtoto aliyeachiwa sufuria akombe.

"Asante," alisema, kwa sauti ya chini, utadhani daktari yuko chumba cha pili.

Nilimwacha aamini kwamba nimevunja amri kwa ajili yake. Ningependa kusema nilinyamaza kwa faida yake tu, lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa nilikuwa nimesahau kwamba ananitazama hivyo, na niliupenda ule mtazamo. Niliupata kila jioni kwa miezi minne.

Sasa nieleze habari za wifi yangu, maana bila yeye hadithi haiendi. Ni dada mdogo wa mume wangu, na mume wangu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Anauza virutubisho. Ana begi la magurudumu limejaa makopo: vidonge vya kitunguu saumu, unga wa mdalasini, mbegu za uwatu, mafuta ya samaki, na vingine ambavyo majina yake ni marefu kuliko dozi yake. Kila akija anamwachia kaka yake kopo moja au mawili, naye anameza, maana hajawahi kumkatalia kitu tangu alipokuwa anamfunga kamba za viatu. Mimi na wifi tulikuwa tunasalimiana kwa meno. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba anamfanya kaka yake ghala. Yeye alinijibu kwamba wivu hauna dawa, hata yeye haiuzi.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, fundi viatu wa kibanda cha jirani alinipigia simu nikiwa katikati ya maharage ya watu mia tatu. Mume wangu ameshindwa kushika koleo lake dogo. Amejaribu kusimama, miguu imekataa.

Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, macho kwenye saa. Ndiyo tabia yake kila asubuhi, kujihesabu mapigo kama anavyopima saa ya mteja.

"Arobaini na nne," alisema. "Naenda nyuma."

Hospitali walimpima damu na kumbandika nyaya kifuani. Daktari, binti mmoja mwembamba anayetembea haraka na kuzungumza taratibu, alirudi na karatasi.

"Mama, kuna madini yanaitwa potasiamu. Yakizidi kwenye damu yanaupooza moyo. Kawaida haipaswi kuvuka tano na kitu. Mzee ana sita nukta tisa."

"Yakizidi sana?" niliuliza.

"Moyo unasimama."

Alilisema bila kupamba, na namshukuru kwa hilo. Walimchoma sindano, wakamtundikia dripu, wakamsimamishia kidonge kimoja cha moyo ambacho alisema huwa kinazuia hayo madini yasitoke mwilini. Halafu akaketi pembeni ya kitanda na kuuliza maswali.

"Chakula anakula nini? Chumvi je?"

Mume wangu alinitupia jicho, lile la sufuria ya kukomba, kisha akamgeukia daktari. "Chumvi kwetu ni marufuku. Huyu unayemwona ni askari, si mke."

Nikajua anadanganya. Anadanganya kwa ajili yangu, anaficha kosa ambalo anadhani nimelifanya. Na mimi, hebu cheka, nikajiambia kwamba hakudanganya. Maana ile si chumvi, imepunguzwa. Nikanyamaza.

"Na vitu vingine? Virutubisho, dawa za miti, unga wa aina yoyote? Chochote kinachoingia mdomoni ambacho si chakula?"

Hapo ulimi wangu ukafunguka. "Daktari, uliza dada yake!"

Wifi alikuwa ndiyo kwanza anaingia, begi lake linagonga mlango. Nilimwendea hapo hapo wodini, mbele ya wagonjwa sita na ndugu zao. Nilimwambia amemlisha kaka yake sumu kwa jina la afya. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia ikiwa mume wangu atakufa, asije msibani. Muuguzi alikuja kunishika mkono. Wifi aligeuza begi lake. Alitoka, akaketi kwenye benchi nje ya mlango.

Daktari aliagiza tuvilete vyote avione. Nilikwenda nyumbani mwenyewe, nikakusanya makopo tisa kwenye mfuko, kwa furaha mbaya ambayo naona aibu kuitaja. Sikugusa rafu ya jikoni. Huko kuna vyakula tu.

Daktari alisoma kopo moja baada ya jingine, hadi yale maandishi madogo. Akasema mengine hayana kazi na mengine hayana madhara makubwa, ila yote yasimame mpaka tujue. Kesho yake damu ikapimwa: tano nukta mbili. Mume wangu akaketi kitandani, akaomba saa yake. Mapigo sitini na moja.

"Umeona?" nilimwambia wifi nikipita kwenye benchi lake. "Siku moja tu bila makopo yako."

Siku ile ya kwanza hakuwa amekula kitu zaidi ya dripu na uji wa hospitali. Hilo sikulihesabu. Nilichokiona mimi ni ule uji, na mpishi wa hospitali ile anapika kama anafua. Nikaomba ruhusa kazini, nikaanza kumletea chakula mwenyewe. Hapo hospitali hawakatazi chakula cha nyumbani, mradi kisiwe na sukari wala chumvi. Muuguzi aliniuliza mlangoni, "Hakina chumvi, mama?" Nami nikajibu, "Mimi ni mpishi, mwanangu." Si jibu hilo, lakini alilipokea.

Mchana na jioni siku ya pili, mchana na jioni siku ya tatu. Supu, samaki wa kuchemsha, mboga. Alikula akafuta bakuli kwa kidole.

Asubuhi ya siku ya nne daktari alinisubiri koridoni na karatasi nyingine. Sita nukta tano.

"Sielewi," alisema. "Kidonge nimesimamisha. Virutubisho hamna. Figo zake zimechoka kwa sababu ya kisukari, lakini hazijachoka kiasi hiki. Leo jioni tukipata bado inapanda, itabidi tumhamishie kwenye hospitali yenye mashine ya kusafisha damu." Akakunja ile karatasi. "Safari yenyewe ni ndefu. Kwa moyo ule, sipendi."

Nilirudi nyumbani kupika, na nitasema ukweli wa kilichotokea jikoni. Supu ilikuwa inachemka. Nilishika kijiko changu, nikafungua kopo, na mkono ukasimama. Niliuona ule moyo mwekundu kama vile bado uko mbele yangu. Nikajiuliza, ndani yake kuna nini hasa? Wameondoa sodiamu, mahali pake wameweka nini?

Ningeweza kwenda jalalani. Ningeweza kurudi dukani na miwani machoni. Lakini kama ni ile chumvi, basi ni mimi, Bi Kijiko, niliyewatukana watu wazima wodini. Basi nikajisemea kwamba chumvi si dawa, na kilichokaa kwenye kopo la chumvi miezi minne ni chumvi. Nikatia kijiko kimoja. Nikaonja. Nikaongeza nusu, maana nilimwona amedhoofika.

Saa saba mchana milango ya wodi ilifunguliwa. Wifi alikuwa kwenye benchi lake, siku ya nne, midomo imekauka. Nilimpita. Nikamkuta mume wangu amelala chali, uso una rangi ya jivu, lakini alipoona chombo cha chakula alijikongoja akaketi. Nikammiminia bakuli.

"Dada yangu yuko nje?" aliuliza.

"Yuko."

"Amekula?"

"Sijui habari zake."

Akashika bakuli bila kuligusa kwa kijiko. "Mpelekee kidogo. Ukimpelekea, na mimi nitakula."

Nani anabishana na mgonjwa? Nilimimina supu kwenye kifuniko cha chombo, nikatoka, nikamsukumia wifi kama namlipa faini. Alinitazama, akapokea kwa mikono miwili, akanywa.

Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni. Akameza. Akapitisha ulimi kwenye meno.

"Wifi, umetia chumvi gani humu?"

"Kama haikufai, rudisha."

"Sijasema haifai. Nimeuliza chumvi gani." Alionja tena, kidogo tu, kwa ncha ya ulimi. "Mwanzo ni chumvi, mwisho ina uchungu, kama umelamba betri. Hii naijua. Niliwahi kuiuza. Kopo jeupe, juu lina moyo mwekundu."

Nilikitazama kile kifuniko mikononi mwake.

"Niliiacha mwenyewe," aliendelea, na sauti yake ilikuwa inapungua kwa kila neno. "Mimi si msomi, lakini nyuma ya kopo nasoma, maana mteja akidhurika, mlango unaogongwa ni wangu. Wameandika asitumie mwenye figo mbovu, wala anayemeza dawa za moyo, mpaka amuulize daktari. Wifi, ile ni potasiamu. Ndiyo hiyo hiyo wanayoitafuta."

Sikumbuki kama nilimjibu. Nakumbuka mlango, vitanda viwili, mguu wangu ukigonga ndoo ya msafishaji, na mume wangu na kijiko mdomoni. Bakuli lilikuwa limebaki nusu. Nililipokonya, supu ikamwagika kwenye shuka na mapajani mwake.

"Ebo! Umebadili mawazo?" alisema, akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akaangalia saa yake, na nikaona midomo yake inahesabu. Alihesabu kwa muda mrefu mno.

"Thelathini na nane," alisema.

Nikapiga kelele ya kumwita muuguzi. Akaja, akatazama mashine ya moyo, akakimbia. Daktari aliingia akiwa bado anavaa glavu. "Amekula nini sasa hivi? Nani alimpa nini?"

Mdomo wangu ulifunguka, hewa ikatoka, sauti haikutoka. Naapa nilijaribu. Na katika ule ukimya nilisikia sauti nyuma yangu, laini, ya kibiashara, ile ile inayouza vidonge vya kitunguu saumu kwa watu wasiovihitaji.

"Ni kosa langu, daktari," wifi alisema. "Kuna kopo langu moja lilisahaulika. Juzi nilimpa kidogo kwa siri."

Alikuwa ananifunika nguo. Mwanamke niliyemvua nguo mbele ya wodi nzima alikuwa ananifunika, na nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Siri ingekwisha hapo. Nyumbani ningemwaga kopo, mume wangu angepona, watu wangesema Bi Kijiko aliyajua tangu mwanzo.

"Juzi?" daktari alikunja uso. "Kidogo cha juzi hakiwezi kufanya hivi. Basi ni figo." Akamgeukia muuguzi. "Piga simu, tuandae gari. Anahamishwa sasa."

Ile safari ndefu. Kwa moyo ule.

"Anadanganya," nilisema. Safari hii sauti ilitoka, tena kubwa kuliko nilivyotaka. "Si lake, ni langu. Ni chumvi ya kopo lenye moyo, ile iliyopunguzwa. Imo humu kwenye supu, kijiko kimoja na nusu. Ilikuwemo jana na juzi, mchana na jioni. Nimemlisha miezi minne. Amekula sasa hivi nusu bakuli. Msimhamishe, daktari. Ni mimi."

Sikumtazama daktari. Nilimtazama mume wangu, na yeye alikuwa ananitazama, na ule mtazamo wa miezi minne ulikuwa umeondoka usoni mwake.

"Kwa hiyo si chumvi?" aliniuliza.

Hakusubiri jibu. Kichwa kiliangukia begani, na sisi tukatolewa nje.

Saa ya ukutani kwenye ile korido ilikuwa mbovu, mishale imelala saa tisa na robo. Mume wangu asingeivumilia dakika tano. Kwa hiyo sijui tulikaa muda gani. Tuliketi benchi moja, mimi na wifi, kifuniko cha supu kati yetu. Milango ilifunguka, mtu akapita na chupa ya dawa, ikajifunga. Ilifunguka tena. Kila ilipofunguka nilisimama, na kila ilipojifunga nilikaa.

"Kwa nini ulisema ni lako?" nilimuuliza hatimaye.

"Mimi nimezoea kulaumiwa," alisema. "Wewe hujazoea. Niliona unakufa umesimama."

"Nisamehe, wifi."

"Bado," alisema. "Kwanza atoke."

Hakuwa na ukali. Aliangalia mlango tu. Nami nikaona ana haki, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenye ukoo ule tukangoja kitu kimoja.

Daktari alitoka amelowa jasho. Moyo umerudi hamsini na mbili, alisema, na unapanda. Hakuna kuhama. Alituketisha, akaeleza taratibu kama alivyoeleza siku ya kwanza. Dawa za moyo wa mume wangu zinafanya mwili ushikilie hayo madini, figo zilizochoshwa na kisukari zinashindwa kuyatoa, na chumvi ile imetengenezwa kwa madini hayo hayo. Kwa mtu mwingine ingeweza kuwa jambo zuri. Kwake yeye, kila bakuli lilikuwa linaongeza mzigo mgongoni mwa moyo uliopiga magoti.

"Nilikuuliza kisicho chakula," alisema. "Na mimi nimejifunza. Kuanzia leo nitauliza na kopo la chumvi."

Angenifokea ingekuwa nafuu.

Siku mbili mume wangu hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Alizungumza na dada yake, alizungumza na daktari, alimtengenezea muuguzi saa yake ya mkononi kwa pini ya nywele. Mimi alinitazama kama mtu wa kitanda cha jirani. Siku ya tatu sikuvumilia.

"Nigombeze basi," nilimwambia. "Nilikaribia kukuua."

"Hilo nimeshalisamehe," alisema. "Mtu hukosea. Hata mimi nimewahi kufunga saa ya mtu na chembe ya mchanga ndani." Alikunja pembe ya shuka. "Miezi minne nilidhani umenihurumia. Kila nikionja nilisema moyoni, mwanamke huyu mgumu, asiyevunja sheria ya mtu, amevunja hii kwa ajili yangu. Nikamdanganya daktari usoni ili nisikuchome. Nilikuwa tayari kufa na siri yako, unajua? Kumbe hapakuwa na siri. Palikuwa na kopo."

Nilitaka kusema nilimhurumia kweli, kwamba nilikuwa nalia jikoni alipokuwa anasukuma sahani. Yote ni kweli. Lakini nilishamlisha kweli nusunusu za kutosha.

"Nilijua unavyofikiri," nilisema. "Nikakuacha ufikiri hivyo. Niliupenda uso wako."

Aliendelea kukunja pembe ya shuka.

Kesho yake nilikuja na chombo kile kile. Nilikuwa nimelimwaga kopo la chumvi na kuliosha, na kijiko cha shaba nilikiacha kimening'inia kwenye msumari. Nilipika supu kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na mvuke, basi. Wifi alikuwa ndani safari hii, ameketi upande wa pili wa kitanda. Niliwaeleza wote wawili kila kilichomo, kimoja kimoja, mpaka maji. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu. Wifi alinyoosha mkono, akaonja kwanza, akapitisha ulimi kwenye meno, akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu.

Mume wangu akala kijiko kimoja. Uso ukamkunjamana.

"Mbaya," alisema.

"Najua."

"Mbaya sana."

"Najua, mume wangu."

Alinyoosha mkono akanishika kifundo. Moyo ukaruka, nikadhani ndio msamaha wenyewe umefika. Kumbe vidole viwili vilikuwa vinatafuta mshipa. Aligeuza saa yake kwenye mwanga, akahesabu dakika nzima huku supu inapoa.

"Mia na sita," alisema. "Bado unaogopa."

"Bado."

Akanisogezea bakuli, akanipa kijiko chake.

"Basi kula na wewe."